Fundi Aliyeuliza Habari za Ufagio

Juzi nilikuwa kwa fundi mmoja wa mashine, mtaani Katindo, nikingoja simu yangu ichajiwe, mama mmoja akaingia na kompyuta mgongoni, ameifunga kwa kitenge kama mtoto. CD aliishika kwa mikono miwili.

"Kompyuta haisome tena hii CD, Papa. Sauti ya marehemu bwana yangu iko humu tu. Kama imekufa, uniambie polepole."

Fundi aliitia CD katika mashine yake mwenyewe. Picha ikatokea, mama akashusha pumzi.

"CD iko muzima, Mama. Kompyuta ndiyo iko mugonjwa. Munaiwekaka wapi?"

"Chini, pembeni ya mulango."

"Na munafagiaka mara ngapi?"

Mama akaweka mkono kiunoni. "Uko fundi ao uko mama-mukwe yangu? Asubuhi na mangaribi! Kwangu ni safi!"

"Kwako ni safi, ndiyo. Vumbi yote imekimbilia humu."

Akaifungua, akatuonyesha kijicho cha kioo kinachosoma CD. Kilikuwa cheusi kwa vumbi letu jeusi la lava ya volkano. Akakipangusa taratibu kwa pamba, kisha akaitia CD humo.

Tukaona sherehe ya ubatizo, na nyuma ya kamera mwanaume akapaza sauti: "Mufunge mulango, vumbi inaingia!"

Mama alicheka huku machozi yakimtoka. "Ni yeye! Alikuwa anasemaka vile kila siku."

Mimi shule niliiachia njiani, mambo ya mashine siyajui sana. Lakini siku hiyo niliporudi nyumbani, kabla ya kushika ufagio, niliinua kwanza redio yetu kutoka chini.