Kinyozi wa Kot Harnam

Ukiwa na haraka, usiende kunyolewa kwa Inayat. Mimi Nahashon nimekuambia, usije ukanilaumu. Saluni yake iko hapa Doha, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, chini ya jengo letu, na unaingia na nywele ndefu, unatoka na nywele fupi na historia ndefu ya Kot Harnam. Huo ni mji mdogo wa Punjab, upande wa Pakistani. Mimi ni mtu wa Nyamira, askari wa mlangoni hotelini, sijawahi kukanyaga huko, lakini naujua kuliko mtaa wa pili kutoka hapa. Miwa yake ni mitamu kuliko miwa yote duniani. Tope lake halichafui nguo. Na ukoo wa Inayat, haya sasa, ndio uliowanyoa mafundi waliojenga lango la mji.

"Mababu zangu wote wamelala pale, bhai," husema, wembe ukiwa shingoni mwangu. Nani atabisha hapo?

Kwao kinyozi si mtu wa nywele tu. Ndiye mpishi wa harusi, ndiye anayepeleka habari nyumba kwa nyumba: nani kajifungua, nani kafariki, nani anatafutiwa mchumba. Na ana mwiko wake: kinyozi akiulizwa habari, haifichi. Akificha, hakuna atakayemfungulia mlango tena. Inayat amekuja na mwiko huo mpaka Doha, ndiyo maana sisi wa jengo hili tunajuana siri zote, tupende tusipende.

Basi Ijumaa moja, baada ya sala, akaingia Kalasinga. Kilemba kichwani, ndevu mpaka kifuani. Saluni nzima tukageuza vichwa! Nani asiyejua kwamba dini yao haiwaruhusu kukata nywele?

"Ndugu yangu," nikamwambia, "umepotea njia au umegombana na Mungu?"

Akacheka sana. Anaitwa Lakhbir, dereva wa lori, anakaa Al Wakrah. Hakufuata wembe, alimfuata Inayat, maana alisikia ni mtu wa Kot Harnam. Nyanya yake alizaliwa hukohuko. Nchi ilipogawanywa kuwa India na Pakistani mwaka wa arobaini na saba, yeye akiwa msichana mdogo, familia yao ilikimbilia India, na hakurudi tena. Sasa hatoki kitandani, na kila siku anauliza jambo hilohilo: nyumba yetu ingalipo? Nani anakaa humo?

Wee! Inayat alivimba kama andazi. "Nyumba yoyote! Aniulize nyumba yoyote!"

Lakhbir akapiga simu ya video. Akatokea bibi mwenye shela nyeupe, macho makali. Kipunjabi sikijui, kwa hiyo Lakhbir akawa ananitafsiria sikioni.

"Nyumba ya muuza sukari guru," bibi akasema, "karibu na kisima. Juu ya mlango wamechongwa tausi wawili. Nani anakaa humo?"

Nikajiweka sawa kusikiliza hotuba. Haikuja. Inayat alikaa kwenye kiti cha wateja, uso umempauka.

"Sema basi," nikamchokoza. "Leo mji umekuponyoka?"

Hakunitazama. "Sisi, Bebe," akamwambia, maana hivyo ndivyo wanavyowaita bibi zao. "Humo tunakaa sisi."

Yakatoka yote. Babu yake hakuwa mtu wa Kot Harnam. Alifika mwaka uleule wa arobaini na saba, akikimbia kutoka upande wa India, miguu mitupu, naye akapewa nyumba aliyoikuta tupu. Mambo ya lango na mafundi baba yake aliyaokoteza kwa wenyeji, ili wanawe wasiitwe wakuja. Nilimwonea huruma, kusema kweli. Angesema tu kwamba nyumba ilibomolewa zamani, nani angejua? Lakini alikuwa ameulizwa. Na alituambia sote tukisikia, sisi aliotutambia miaka yote, na hakuna aliyecheka, hata mimi.

Bibi alisogeza uso karibu na simu. Nikaogopa atamlaani.

"Tausi wapo?"

"Wapo, Bebe. Mama huwapangusa vumbi kila Idi."

"Vyema. Wasioze." Akajifuta macho kwa shela. "Na nyinyi, mwanangu, mlitoka wapi?"

"Mehtanwal," Inayat akasema, kwa sauti ndogo. Miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake.

"Mehtanwal?" Lakhbir akaruka. "Mbona ni jirani yetu! Napita hapo kila nikienda likizo."

Inayat akasimama. Akamshika Lakhbir mkono, akamkalisha kwenye kiti, akamfunga kitambaa shingoni na kushika wembe kwa mazoea, masikini, akasahau kabisa ni Kalasinga. Kisha akauweka wembe mezani.

"Niambie," akasema. "Kukoje huko kwetu?"

Lakhbir akaanza kumweleza, kitambaa kikiwa shingoni, na Inayat hakumkatiza hata mara moja.