Fundi wa Bunda na Picha Iliyogoma Kuzimika

Sisimulii haya kumtisha mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Kamunyonge, na mke wangu Bhoke yupo, kamuulize.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena baada ya dhiki. Nilikuwa fundi redio. Binamu yangu Wambura wa Butiama alirudi kutoka masomoni Ulaya na kompyuta ndogo, ile inayotumia televisheni kuonyesha picha. Akaniomba niiongezee kumbukumbu. Nilipoiongezea, transfoma yake ikazidiwa, ikachemka hadi ikanuka. Nikaweka kubwa zaidi. Kompyuta ikawaka, lakini picha ikawa chenga tupu. Wambura alikuwa anakuja kesho yake, na mimi nilishajigamba mtaa mzima. Ningekubali kushindwa?

Giza likianza kuingia, akaja mtu wa koti la kijivu. Akasema ni fundi mwenzangu, wa Bunda. Nikafunga mlango kwa komeo, mbu wasiingie, tukakaa mezani.

"Usipitishie picha kwenye antena," akasema. "Mimi nafunguaga tivii, naunganisha waya mle mle ndani. Inakuwaga safi."

Nikaunganisha. Sasa elewa jambo moja: wakati ule plagi zilikuwa adimu, tulichomeka nyaya tupu ukutani na kuzibana kwa njiti za kiberiti. Waya upi umeingia tundu lipi, nani alijali?

Picha ikatokea, haina chenga hata moja. Nikacheka peke yangu kwa furaha. Kisha ikaanza kurukaruka.

"Soketi ya mle ndani imelegea," akasema. "Shika hicho chuma kinachoishikilia, ukaze."

Kabla sijashika, umeme ukakatika. Mtaa mzima giza. Niamini ndugu yangu, picha ilibaki. Kioo kiliendelea kuwaka, kikamulika uso wa yule mtu, na uso wenyewe haukushangaa.

"Shika," akarudia.

Niliogopa sana, lakini mkono ulikuwa unakwenda wenyewe.

Bhoke akatokea jikoni na jagi na beseni. Kwetu mgeni hanawi mwenyewe, mama wa nyumba ndiye humnawisha kabla ya ugali.

"Karibu unawe, shemeji."

Mgeni akasita, kisha akakinga mikono. Maji yakapita katikati ya viganja vyake, yakaanguka kwenye beseni kana kwamba hapakuwa na kitu.

"Baba Chacha, usishike hicho kitu," Bhoke akaniambia polepole. Akaweka jagi chini, akazing'oa zile nyaya ukutani.

Picha ikazimika. Tulipowasha kibatari, kiti kilikuwa kitupu na komeo lilikuwa mahali pake.

Umeme uliporudi nilirudisha nyaya vilevile, nikagusa kile chuma kwa bisibisi ya kupimia umeme. Taa yake ndogo ikawaka. Waya wenye moto ulikuwa umeingia tundu lisilo lake, umeme wote wa ukutani ulikuwa pale kwenye chuma, nami nilikuwa peku juu ya saruji.

Nilikwenda Bunda kuuliza. Fundi mmoja akaniuliza kama koti lilikuwa la kijivu. Mwenye koti hilo alikufa miaka ya dhiki, akasema, mkono wake uking'ang'ania ndani ya televisheni, nyaya zimebanwa kwa njiti.

Wambura aliichukua kompyuta yake na chenga zake. Mimi niliacha ufundi, na hadi leo kila umeme unapokatika naubana mkono huu wa kulia kwapani. Wewe unayechezea umeme, zitupe hizo njiti. Na mgeni akija jioni akakuhimiza ushike kitu, mnawishe kwanza. Yaangalie maji.