Kaya Mia Nane za Uwanja wa Mpira

Ofisini walimbandika jina la Dada Kinyaa, naye hakulikataa. Pua yake haikujua unafiki: mkubwa akisema uongo, inakunjamana yenyewe. Miaka nenda miaka rudi alikaa chumba cha nyuma cha idara ya maafa, kwenye kiti kilichofungwa kwa kamba, akihangaika na programu moja iliyokwisha kufa na kusahaulika.

Ilikuwa programu huria, ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuifungua na kuitengeneza upya bila kumwomba mtu. Kazi yake ilikuwa kuonyesha walioathirika na maafa wako kambi gani na wamepungukiwa nini, ili lori la msaada lisiende kutembea tu. Walioitunga walishatawanyika, kila mmoja na hamsini zake. Dada Kinyaa akaifufua kipande kwa kipande, akiandikiana na mtu wa mbali asiyemjua hata sura, wakigombana juu ya makosa kama mtu na wifi yake. Siku ilipowaka, alicheza peke yake chumbani. Hapo ndipo wakubwa walipokumbuka kwamba kile chumba kina mtu.

Mkurugenzi akaja mbio, manukato yametangulia.

"Dada yangu, wageni wanakuja kuizindua. Sasa skrini tupu namna hii si aibu? Jaza watu."

"Watu gani, bosi?"

"Wowote! Kwani watakwenda kuwahesabu?"

Akajaza: kambi ya uwanja wa mpira, kaya mia nane, zote za kubuni. Wageni wakapiga makofi, wakapiga picha, wakala, wakaondoka. Alipotaka kuzifuta, mkurugenzi akamkatalia. Ripoti imeshapanda juu, asiguse kitu. Akaziacha.

Mvua ilipokuja, ilikuja kweli. Mto uliingia mtaani kwa mama yake. Majirani wakambeba yule mama, na pumu yake, hadi kwenye veranda ya shule ya msingi. Watu walijazana pale wakingoja mahema ya msaada, mvua ikiwapiga ubavuni.

"Mwanangu," mama akasema kwenye simu, akivuta pumzi kwa shida, "hayo mahema yanakuja lini? Kifua kinanibana."

Dada Kinyaa akafungua programu. Lahaula! Mahema yote yamepangiwa uwanja wa mpira. Programu yenyewe haikuwa na kosa: iliona kaya mia nane hazina pa kulala, ikazitanguliza. Uwanjani hakukuwa na mtu, ila mbuzi wanakula majani golini.

Akamvamia mkurugenzi ofisini. "Bosi, nazifuta zile kaya."

"Wee! Kaya mia nane zipotee hivihivi? Wa juu nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli."

Mkurugenzi akacheka mpaka kitambi kikatikisika. Ukweli! Mama wa watu anakatika pumzi kwenye baridi, na yeye yuko kwenye kiti cha kuzunguka anachekelea. Mijitu mingine, hata kuitazama inatia kichefuchefu.

Dada Kinyaa alirudi kwenye kiti chake cha kamba, akazifuta kaya zote mia nane, akawapigia simu watu wa ugavi. Malori yakageuza. Kabla giza halijaingia, mahema yalikuwa yamesimama shuleni.

Kesho yake alikuwa hemani, amemshikia mama kikombe cha chai. Redio ya jirani ikamtoa mkurugenzi, sauti laini kama mafuta: "Ninayo furaha kuwatangazia kwamba kaya mia nane zilizokuwa uwanja wa mpira zimerejea makwao salama, kwa juhudi za idara yangu."

Mama akaweka mkono kifuani. "Mungu mkubwa! Afadhali wenzetu. Huyo si ndiye bosi wako? Ana utu, jamani. Nisalimie sana."

Dada Kinyaa akaweka kikombe chini, akatoka nje, akatema mate.