Papa na Jibini Moja

Kabla miradi ya misaada haijafungwa na wenye nayo kuondoka, kazi yangu hapa Goma ilikuwa kuwapa watu moyo. Si utani. Nililipwa mshahara nisimame mbele ya vijana kwenye kumbi za parokia, na kalamu nene mkononi, niwaambie wajitume. Nilipenda kuwauliza: baada ya miaka mitano unajiona wapi? Kijana mmoja akanijibu, "Madame, mimi hata kesho sijue kama tutalala hapa." Ukumbi mzima ukacheka. Nikamwandikia kwenye karatasi kubwa: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikaona nimemjibu.

Sasa ninakaanga mandazi mbele ya mlango wangu, mtaani Majengo. Sioni haya. Mandazi yananunuliwa, watoto wa jirani wananisalimu kwa heshima, na moshi haujaua mtu. Lakini mtu akinipitia na maneno ya "jitume, mambo yatakuwa sawa," natamani kumrushia mwiko. Ninayajua maneno hayo. Niliyauza.

Kujituma sikufundishwa na mradi. Nilifundishwa na Papa, baba yangu, fundi wa jibini kule milimani Masisi. Watu wa ng'ombe hawana Jumapili: ng'ombe anakamuliwa hata siku ya Noeli, na jibini lazima ligeuzwe kila asubuhi na kupanguswa kwa kitambaa cha maji ya chumvi, la sivyo linaoza upande mmoja. Papa alikuwa na chumba kizima cha jibini, yamepangwa juu ya mbao, na aliyageuza yote kabla ya kunywa chai. Aliyekutwa na jua kitandani hakumsamehe. Ukimwambia unaumwa, alikuuliza kama ulikuwa umekufa.

Vita vilipofika kwenye kilima chetu alishuka kwa miguu na wenzake hadi kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, akaishi ndani ya hema. Nilimbembeleza aje kwangu. Alikataa. Alisema pale alikuwa njiani tu, na aliye njiani haingii nyumbani kwa watu. Kambi ilipovunjwa akaja, amebeba blanketi na beseni. Mama alikwisha kufa zamani, na kaka sina, kwa hiyo hakuwa na mlango mwingine.

Siku za kwanza aliamka alfajiri kama zamani, akafagia uwanja, ingawa uwanja wetu ni mawe meusi ya volkano na vumbi lake haliishi. Akimaliza alikaa. Hakuna alichokuwa akingoja. Polepole akaanza kuchelewa kuamka, na hapo nikaogopa. Nimewaona wazee wengi waliotoka milimani. Wanawekwa kwenye kiti mbele ya nyumba ya mtoto wao, wanatazama pikipiki zikipita, wanapungua, halafu siku moja tunaitwa kwenye kilio. Sikutaka Papa afe kwa kukosa la kufanya.

Nikakumbuka mama mmoja wa Kibati aliyekuwa bado na ng'ombe wake, nikapatana naye aniletee maziwa. Jioni nikamkalisha Papa nikampa semina nzima: mwanzo mpya, kipaji hakizeeki, mji unahitaji watu kama yeye. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mama," akaniambia, maana hivyo ndivyo baba zetu wanavyotuita mabinti zao, "makelele yote hii ya nini? Leta maziwa."

Akayapasha kwenye sufuria yangu ya mandazi, majirani wamejaa mlangoni kama kwenye arusi. Akatia dawa ya kugandisha, akakata, akakamua, akabana kwa jiwe. Mawe hapa hayanunuliwi. Likatoka jibini moja, duara, zito. Akaliweka juu ya ubao katika kibanda cha nyuma ya jikoni, akalitundikia magunia yaliyoloweshwa maji ili pawe na baridi kidogo. Kesho yake aliamka kabla yangu. Alinyoa ndevu, akanigombeza kwa sababu ya moshi unaoingia kibandani. Nilifurahi kugombezwa kama mtu aliyepewa zawadi.

Maziwa ya pili hayakuja. Yule mama wa Kibati alikuja mwenyewe, mikono mitupu: wenye bunduki walikuwa wamechukua ng'ombe wake. Papa alimpa kiti, wakakaa wakizungumza juu ya ng'ombe hao, rangi zao na tabia zao, kama watu waliotoka kuzika. Nikatafuta maziwa mengine, sikupata yasiyochanganywa na maji.

Basi tukabaki na jibini moja. Jibini moja halimtoshi mtu mzima kuwa kazi. Kuligeuza na kulipangusa ni muda wa kunywa kikombe cha chai. Papa aliifanya kazi hiyo ijaze asubuhi nzima. Aliligeuza, akalipangusa, akaligonga kwa kidole na kusikiliza, akalowesha magunia, akakaa kidogo, akarudi kugonga tena.

Majuma yakapita, jibini likawa la manjano na harufu yake ikafika mpaka kwa wateja wangu. Hata mimi niliona limeiva. Nikamwambia tulikate.

"Bado, mama. Haiyaiva."

Nikapata mpishi wa hoteli moja ya kando ya ziwa, akalitaka. Nikarudi mbio na habari hiyo. "Bado," akasema Papa, hata bila kuniangalia. Nikakasirika. Nikamwambia wateja hawangoji, nafasi haiji mara mbili, na maneno mengine ya ukumbini. Akaenda kulowesha magunia.

Asubuhi moja nilichungulia kutoka jikoni. Nilimwona akiligeuza, akilipangusa na kulilaza. Halafu akasimama, akatazama huku na huku, akaligeuza tena vilevile lilivyokuwa. Nikaelewa. Siku likikatwa, hatakuwa na la kumwamsha. Nikaenda kumwambia mpishi kwamba jibini limeharibika, na tangu siku hiyo nikawa ninaomba kitu ambacho sikuwahi kukiomba maishani: kazi ya mtu isiishe.

Halafu akaja mtu wa kilima chetu, zamani mchungaji wa ng'ombe wa jirani yetu. Alikuwa amekwenda kuangalia kule kilimani, akarudi, na sasa alitafuta kazi ya kusukuma chukudu, yale magari yetu ya mbao ya magurudumu mawili. Papa alimkaribisha, akangoja amalize mandazi, ndipo akamuuliza, akianza na chumba chake cha jibini.

"Nyumba ya fromaji?"

"Muzee, mbao yote walingoa, wakapikia. Masufuria walibeba."

"Na ngombe?"

"Hakuna hata moja. Malisho yote ni kichaka sasa."

"Na watu?"

"Watu gani, muzee?"

Papa aliitika kwa kichwa. Hakulia. Alimshukuru kwa safari yake, akaingia kibandani, akatoka na jibini kwenye ubao. Akaniomba kisu.

"Papa, ulisema haiyaiva."

"Imeiva zamani," akasema. "Kuya tukule."

Alilikata vipande, akampa kwanza mgeni, kisha mimi, kisha majirani waliosikia harufu. Lilikuwa jibini zuri. Nitasema ukweli: sijawahi kula jibini zuri kama lile, hata kule Masisi. Jirani mmoja, mama wa Kiislamu ambaye hakuwahi kuonja jibini, alipiga makofi na kusema muzee afungue duka. Watu walicheka, wakamsifu, wakamuuliza lini atatengeneza jingine. Papa mwenyewe alikula kipande kidogo, taratibu, akapangusa kisu.

Kesho yake sikumsikia akiamka. Nilikaanga mandazi, nikauza, jua likapanda juu ya mabati. Nikaingia. Alikuwa amelala chali, macho wazi.

"Papa, jua imetoka."

"Niliiona."

Nilikuwa na maneno mengi, yote nayajua kwa moyo, na hakuna hata moja ambalo nisingeona aibu kulitamka mbele yake. Nikamletea chai. Aliinywa kwa sababu niliileta.

Imepita miezi. Anaamka nikimwamsha, anaoga nikimwekea maji, anakula nikimpa. Hanigombezi tena. Mchana ninamtolea kiti mbele ya nyumba, na wapita njia wanamsalimu. Majirani wananipongeza. Wanasema nimefanya vizuri kumtunza baba, muzee ametulia sasa, amezoea mji. Ninawajibu asante, ninawafungia mandazi yao.