Mungu wa Baba na Chungu cha Ikombe

Chungu kipya ukikimiminia maji kwa mara ya kwanza hutoa harufu ya mvua iliyoangukia vumbi. Wiki iliyopita nilinunua kimoja sokoni, hapa Mbugani ninapoishi, nikakitia maji, nikainama kunusa. Basi, siku yangu ikaharibika. Nilifagia uwanja ambao ulikwisha kufagiwa, nikaanua nguo kabla hazijakauka, nikakaa, nikainuka tena. Acheni niwasimulie, maana jambo hili nimelinyamazia miaka mingi, na wote waliohusika wameshatangulia.

Tuliishi Bujonde, majaruba ya mpunga mbele na kokoa nyuma. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mdogo wangu Atupele alipougua homa. Dawa za hospitali alikunywa, na akina mama wa kanisa walimwombea siku tatu kwa kupokezana, wakiimba mpaka sauti zikawakauka. Siku ya nne tulimzika kwenye migomba.

Tangu hapo Baba hakufumba macho tena wakati wa sala ya chakula. Hakupinga wala hakudhihaki. Aliweka mikono mapajani, akautazama wali, akamngoja Mama amalize, kwa adabu ya mgeni aliyekuta wenyeji wakizungumza kilugha chao. Nilijua kwa sababu na mimi nilikuwa nafumbua. Siku moja macho yetu yakakutana juu ya bakuli la mboga, akanikonyeza. Nilitaka kucheka, nikataka kulia, nikaishia kujifanya nafukuza nzi.

Jumamosi moja alinipakia kwenye baiskeli tukaja huku Mbugani, dukani kwa rafiki yake Mzee Shafii, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani na biashara ya vitambaa. Walikunywa kahawa na kubishana, mimi nimekaa juu ya gunia la sukari nikihesabu vidole vyangu vya miguu.

"Mwalimu, nipe jibu moja," Mzee Shafii alimwambia. "Mungu yupo au hayupo?"

"Yupo. Dunia haikujifinyanga yenyewe. Aliifanya, akaiwekea kanuni, mpunga uote hivi, homa iue hivi, akamaliza kazi yake. Dua hazijibu."

"Na Siku ya Hesabu?"

Baba alijikuna kidevu. Mawazo hayo aliyapata katika kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, alichokikuta kwenye kabati la shule.

"Hapo wenye imani hii hawaelewani wao kwa wao. Wapo wanaosema ameondoka kabisa, hana habari nasi. Wengine wanasema hakutuma mtume wala muujiza, akili aliyotupa inatosha, ila tukifa atatuuliza tuliishije. Na wapo wanaosema hakwenda popote, alijigeuza mwenyewe akawa dunia hii."

"Na wewe uko kundi gani?"

"Bado natafuta."

Mzee Shafii alicheka mpaka kahawa ikammwagikia kanzu. "Laa, Mwalimu! Umehama nyumba kabla hujapata kiwanja." Kisha akamjazia kikombe tena, na mimi akanipa kashata.

Maneno yana miguu. Haukupita mwezi, wazee wenzake wa kanisa wakaleta taarifa kwamba watakuja nyumbani Jumapili alasiri kumsikiliza. Akikiri kwamba haamini Mungu husikia maombi, atatengwa: hatashiriki meza ya Bwana, na akifa hatapigiwa kengele. Mama alilia juu ya ungo wa mchele. Mimi nilihangaika kwa jambo jingine kabisa. Kama Baba alikuwa sahihi, basi zile siku tatu Atupele alilia na hakuna aliyemsikia. Sikuweza kula wala kutulia. Nilikuwa naingia jikoni, nasahau nilichofuata, natoka.

Ilikuwa likizo. Siku chache kabla ya Jumapili hiyo Mama alikwenda Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kando ya ziwa, kumtazama mama yake, akanichukua. Bila kumwambia, nilifunga kwenye khanga chungu chetu cha mboga, kilichonunuliwa sokoni zamani kabla sijazaliwa. Nilikuwa na swali, na Bibi alikuwa mfinyanzi. Katika mtumbwi nilikipakata kama mtoto mchanga, Mama akanishangaa tu.

Tulimkuta Bibi amekaa chini, miguu ameinyoosha, analainisha ukingo wa chungu kibichi kwa kokoto. Nilisubiri Mama aende kuoga ziwani, nikafungua khanga.

"Bibi, hiki unakijua?"

Alikigeuza, akapitisha kidole gumba chini ya ukingo. "Hiki changu. Mwaka huo kidole kiliumia, tazama kilivyoacha mfuo. Umekitoa wapi, mjukuu wangu?"

"Kiko kwetu miaka yote. Ulijua kiko kwetu?"

"Ningejuaje? Ukishauza umeuza."

"Kingepasuka, ungekuja kukiziba?"

Akacheka. "Chungu kikishachomwa hakirudi udongo, mama. Hata mimi niliyekifinyanga sina la kukifanya." Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu aliliweka kokoto chini. "Lakini nikipita sokoni huwa natazama vyungu vya watu. Nikikiona changu, najua. Nao ukingo huu nimeulainisha kwa mate yangu, yamo humo mpaka leo. Ndivyo Kyala, Mungu wetu, alivyo, nafikiri. Usimwambie mchungaji."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshiba bila kula. Nilikuwa na dawa ya Baba.

Jumapili walikuja wazee watatu, wakakaa sebuleni. Mimi niliwekwa jikoni, sikio ukutani. Mkubwa wao akamuuliza Baba anasadiki nini. Baba na Mama walikuwa wamekwisha kuafikiana jibu.

"Namsadiki Mungu, Muumba wa mbingu na nchi."

Hakuongeza neno. Kikafuata kimya kirefu. Wazee wetu wakiridhika hukaa kimya hivyo kwanza, ndipo huomba na kuaga. Mtu mzima yeyote wa kwetu angelijua hilo. Mimi nilidhani kimya kile ndiyo hukumu. Nilikurupuka na chungu mkononi, nikamkuta yule mkubwa amekwisha kuchukua kofia yake.

"Baba hana kosa!" nilisema. "Mfinyanzi haendi kuziba chungu kwenye jiko la mtu! Mungu hakuweza kuja kwa Atupele, lakini alimjua!"

Mzee akairudisha kofia gotini. "Ndaga, binti," alinishukuru kwa upole. Kisha akamgeukia Baba. "Mwalimu, haya nani kamfundisha mtoto?"

Bibi alikuwa mshirika wa kanisa la Ikombe tangu ubatizo wake. Mimi nilikuwa naanza mafundisho ya kipaimara. Lawama ingemwangukia mmoja wetu. Baba alinitazama, kisha akakitazama chungu, akatambua maneno yale yalikotoka.

"Mimi," alisema.

Kwa neno hilo akatengwa. Mdomo huponza kichwa, husema watu, ila wangu uliponza kichwa cha mwingine. Nilingoja anichape, hakunichapa. Aliniuliza tu, jioni, Bibi alisema nini hasa, nikamwambia yote. Hapo ndipo nilipomwona akilia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike Atupele.

Alipokufa, miaka mingi baadaye, tulimzika kwenye migomba kando ya mwanawe, bila kengele. Mzee Shafii alikuja na mkongojo, akasimama mwanzo mpaka mwisho.

Chuoni nililijua jina la imani ile, udeisti, na mhadhiri akatuandikia ubaoni matawi yake. Nilitoka darasani kabla ya kipindi kwisha. Kwa Baba halikuwa suala la tawi. Mungu aliye karibu, aliyesikia siku tatu asiitikie, Baba asingeweza kumsamehe. Basi alimsogeza mbali, mahali ambapo sauti ya Atupele isingefika, ili asimchukie. Hayo sikuyajua nikiwa mtoto. Nilikimbia na chungu changu kumrudishia Mungu karibu.

Jana tulikula wali, chungu kipya kipo pembeni. Mume wangu alisali, na watoto wakafumba macho. Mimi husema amina kwa moyo wote, lakini macho huyaacha wazi, nikitazama ng'ambo ya bakuli la mboga.