Kompyuta Zilizojaribiwa Ofisini

Siku ya tisa baada ya kumzika mke wangu, nilijivuta mpaka kwenye shule aliyokuwa akifundisha, hapa Kenya, mtaa wa mji wetu wa migodi, si ile nchi. Kamati ya wazazi ilikuwa inachagua mfumo wa kuendesha kompyuta ndogo za watoto, na mimi ni mzazi kama wengine. Nimesoma mpaka darasa la sita tu, kazi yangu ni kuchomelea milango. Lakini jambo hilo nilikuwa nalijua. Mke wangu aliijaribu mifumo miwili na watoto wake wa darasa la tatu, wiki baada ya wiki, akachagua ule mwepesi: unawaka haraka, hauombi intaneti, na betri zile zilizochoka zinafikisha somo mwisho. Madarasani hakuna umeme. Kila mtu anajua.

Mkurugenzi wa shule alitaka ule mzito, unaofanana na wa maofisi ya migodi. Fundi wake alituonyesha ofisini, kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye jenereta. Ulipendeza, sitasema uongo. Ulikuwa hata na mazoezi ya mtihani ambayo ule mwingine haukuwa nayo. Wazazi wakapiga makofi.

"Chomoa waya," nikasema.

Fundi akacheka. "Papa, hii haiko mashini ya kusude milango," akimaanisha kuchomelea.

Nikainuka nikauchomoa mwenyewe, nikamwambia aizime na kuiwasha upya. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Kabla ukurasa wa kwanza wa somo haujafunguka, kioo kikawa cheusi.

Mama mmoja anayeuza makaa akauliza, "Sasa batoto betu batajifunza nini, kuzunguka?"

Watu walicheka. Mkurugenzi hakucheka. Alinisogelea, akasema kwa upole, lakini wote wasikie:

"Papa, uko mu kilio. Biti bya kilio byote bilitoka hapa. Bibi yako tulimuzika na wewe. Leo unatupinga?"

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Kumbe walinihesabia, mpaka viti vya matanga! Walikuja kulia nyumbani kwangu, na sasa machozi yale yananidai kura.

"Aksanti ya biti, mukubwa," nikasema. "Mukono yangu siinui."

Mikono mingine yote ilipanda, hata wa yule mama wa makaa. Aliuinua huku akitazama sakafu.

Jumatatu fundi alifuta mfumo aliouchagua mke wangu kwenye kompyuta zote. Jumatano nilisimama dirishani kwa darasa la tatu. Mwalimu mpya alikuwa anafundisha kwa chaki, na kompyuta zimepangwa juu ya kabati, zimefunikwa kitambaa. "Zinazima mbele ya kuanza, papa," aliniambia. Watoto walikuwa wananakili ubaoni.

Mkurugenzi tunasalimiana. Ninamjibu vizuri. Anawaambia watu kwamba siku ile ni msiba uliokuwa unasema ndani yangu. Si kweli. Msiba wangu hausemi kitu, unanikalisha kimya tangu asubuhi. Ile ilikuwa hasira, na bado ninayo.