Vioo vya Shemeji Kwenye Chumba cha Miche

Kwa miaka kumi na mmoja yule mama aliingia kazini kwa mlango wa nyuma, akavua viatu vya njiani, akavaa ndala za mpira, kisha akaenda kuwajulia hali wanawe. Wanawe hao walikuwa miche: nyanya, kabichi na pilipili hoho, imejipanga kwenye trei juu ya rafu za chuma, ndani ya jengo lililokuwa ghala zamani. Dirisha hakukuwa na hata moja. Mwanga wote ulitoka kwenye taa. Wenzake walimwita Bi Kipimo, maana shingoni alining'iniza kipima mwanga, kidude cha ukubwa wa kiganja alichoachiwa na meneja aliyestaafu.

Ugonjwa wa chumba kile aliujua siku nyingi. Miche ya katikati ilinenepa vizuri. Ile ya pembeni, karibu na ukuta, ilirefuka ovyo, shina kama uzi, yote imeinama upande mmoja. Kuta zilikuwa za saruji tupu, za kijivu, zinaumeza mwanga badala ya kuurudisha. Bi Kipimo aliomba rangi nyeupe. Aliomba kwa mdomo, akaomba kwa barua, akaambiwa asubiri. Akasubiri miaka miwili.

Kisha akaja bosi mpya. Wiki yake ya kwanza alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akajizungusha kwa kisigino kimoja.

"Hapa panataka vioo," akasema. "Kioo kinarudisha kila kitu. Ukijitazama si unajiona mzima?"

Watu wakacheka, kama wanavyocheka watu mbele ya bosi.

"Naomba niseme, bosi," akasema Bi Kipimo. "Kioo kinarusha mwanga upande mmoja, kama mpira uliopigwa ukutani. Jani moja linaunguzwa, jirani yake halipati kitu. Rangi nyeupe isiyong'aa inautawanya, kila jani linapata lake. Tena humu mna mvuke. Vioo vitatoka jasho kutwa nzima."

"Mama, wewe umeajiriwa kumwagilia maji," bosi akajibu, na wala hakugeuka kumtazama.

Jumatatu vioo vikafika, vikatundikwa siku hiyohiyo kwenye kuta tatu. Vilikuwa vya zamani, vimechakaa pembeni, na kimoja bado kilikuwa na maandishi mekundu: *Kusuka, kunyoosha, kuosha*. Ndipo mlinzi akamnong'oneza kwamba shemeji wa bosi alikuwa amefunga saluni yake. Bi Kipimo akayasoma tena yale maandishi mekundu. Kumbe miche yake ilikuwa jalala la saluni ya mtu!

Nyumbani alimkuta mumewe, fundi cherehani, anapinda suruali barazani.

"Mama watoto, punguza hasira," mumewe akasema baada ya kusikia yote. "Chumba ni chao."

"Chumba ni chao, lakini miche ikifa nitaulizwa mimi! Na ile rangi iliyobaki tulipopaka chumba cha watoto iko wapi?"

Mumewe akaonyesha chini ya ngazi kwa mkasi. Alimfahamu mkewe.

Asubuhi yake, ukuta mmoja ambao vioo havikuutosha, Bi Kipimo aliupaka nyeupe kwa mkono wake mwenyewe. Kabla jua halijafika utosini alikuwa ameitwa ofisini. Karani alimpa barua ya onyo mbele ya wote waliokuwamo, huku amekwepesha macho. *Kuharibu ukuta wa kampuni bila kibali.* Kuharibu! Mtu aliyetoboa kuta tatu kutundika vioo vya saluni hakuharibu, ila aliyepaka rangi ndiye mharibifu. Alitia sahihi, akarudi kwa miche yake.

Siku zikaenda. Vioo vikafanya kama alivyosema: vikafunikwa na ukungu, na pale vilipofutwa vilimulika macho mpaka wafanyakazi wakalalamika vichwa vinauma. Miche iliyokuwa mbele ya vioo ikazidi kupinda.

Wiki ya nne akaja mteja mkubwa, mama mmoja mkulima ambaye hapaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alipita rafu kwa rafu akibonyeza mashina kwa vidole viwili, bosi nyuma yake anasifia vioo. Trei zote alizochagua zilitoka kwenye ukuta mweupe.

"Na hizi nyingine," akauliza, "mmezinyima nini?"

Bi Kipimo akasogea, akaweka kipima mwanga mbele ya kioo. Kikasoma tisini. Akakiweka mbele ya ukuta mweupe. Kikasoma mia na ishirini na nne. Mteja alizisoma namba mwenyewe, kisha akaondoka na trei za ukuta mweupe tu.

Vioo viling'olewa wiki hiyohiyo, rangi ikapakwa kuta zote. Lakini mwezi uliofuata walikuja wageni, na Bi Kipimo, akiwa ameshika ndoo, akamsikia bosi: "Baada ya utafiti wetu, niliamua tutumie nyeupe."

Ndoo ikatua chini kwa kishindo.

"Utafiti upi, bosi? Ule ulionipatia barua ya onyo?"

"Mama, tutaongea ofisini."

"Onyo ulinipa mbele ya watu. Na hili tuliongee mbele ya watu."

Wageni wakaanza kukagua taa za dari kwa bidii ya ghafla.

Kesho yake karani alimletea karatasi yenye mstari mmoja: onyo limefutwa. Bi Kipimo aliisoma mara tatu akitafuta neno samahani. Halikuwepo.

"Si wamefuta?" mumewe akamwambia jioni ile. "Basi, yaishe."

"Wamefuta barua. Miaka miwili niliyoomba rangi wakatia pamba masikioni, hiyo nani ataifuta?"

Mumewe akarudi kwenye cherehani yake.

Siku iliyofuata aliandika vipimo vyote kwenye karatasi kubwa, kuta za saruji, za vioo na nyeupe, na chini akaandika jina lake kamili, la baba na la babu, kwa wino mzito. Akaibandika mlangoni, ndani. Bosi aliiona. Alisimama akaisoma mpaka mwisho, akaondoka bila kuigusa.